Tabaka na mandharinyuma angavu katika sanaa ya pikseli

Tabaka na mandharinyuma angavu ni nyenzo mbili za programu za kuchorea sanaa ya pikseli, yaani picha ndogo za kompyuta ambazo mchoraji huchagua mwenyewe rangi ya kila nukta. Tabaka ni sehemu ya picha inayochorwa peke yake na kulazwa juu au chini ya sehemu nyingine, kama karatasi za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mandharinyuma angavu ni eneo la picha lisilo na rangi yoyote, hivyo kilichoko nyuma yake huonekana.

Neno "angavu" linatumika hapa kama katika somo la fizikia, kwa maana ya kitu kinachopitisha nuru mfano wa kioo cha dirisha, si kwa maana ya kung'aa. Wabunifu wengi husema "picha isiyo na bakgraundi", au kwa kifupi "PNG", ingawa PNG ni aina ya faili tu na faili nyingi za PNG zina mandharinyuma iliyojaa rangi.

Nyenzo hizo mbili zinategemeana. Tabaka lisiloweza kuwa na sehemu tupu lingefunika kila kitu kilicho chini yake, na picha ingebaki na tabaka la juu tu.

Mifano ya makala hii inatumia mandhari ya Chamwino, wilaya ya Mkoa wa Dodoma nchini Tanzania. Maumbo ya huko yanafaa picha ndogo: tambarare ya udongo mwekundu, mbuyu mnene, na tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, ambayo kwa pikseli ni mstatili tu.

Pikseli tupu si pikseli nyeupe

Anayeanza kuchora kwa kompyuta mara nyingi huona turubai jeupe na kudhani ni tupu. Kwa kompyuta nyeupe ni rangi kama nyingine. Mchoro wa mbuyu uliochorwa juu ya turubai jeupe ni mstatili mweupe wenye mbuyu ndani yake; ukiwekwa juu ya anga la buluu, mstatili wote huonekana. Mchoro uleule juu ya turubai tupu huonyesha mbuyu peke yake, na anga hupita katikati ya matawi.

Kwa kuwa utupu hauwezi kuonekana, programu huuonyesha kwa miraba midogo ya kijivu na nyeupe inayofanana na ubao wa drafti. Miraba hiyo si sehemu ya picha na haihifadhiwi kwenye faili. Hata hivyo intanetini kuna picha nyingi zinazodaiwa kuwa angavu ambazo miraba hiyo imechorwa ndani yake kabisa. Njia ya kuzigundua ni kuzifungua ndani ya programu ya kuchorea na kuweka rangi nyingine chini: miraba ikibaki, picha si angavu.

Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana, nalo ni sehemu tupu pale inapotakiwa rangi. Mchoraji wa tembe anaweza kuacha mlango bila kuujaza, kwa sababu kwenye skrini yenye mandhari nyeusi mlango unaonekana mweusi, kama inavyotakiwa. Tembe hiyo ikiwekwa mbele ya vilima, vilima vinaonekana kupitia mlangoni kana kwamba nyumba haina ukuta wa nyuma. Wachoraji wenye uzoefu huweka chini kabisa tabaka la muda lenye rangi kali isiyotumika kwingine katika picha, kwa mfano waridi iliyokolea. Kila tundu lililosahaulika hujitokeza mara moja, na tabaka hilo hufutwa kazi ikiisha.

Chaneli ya alfa

Kwa kawaida pikseli moja huhifadhiwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Picha yenye uangavu huongeza namba ya nne iitwayo alfa. Alfa ikiwa 255 pikseli imejaa na haipitishi kitu. Ikiwa 0 pikseli haionekani kabisa. Namba za katikati hutoa rangi inayopitisha kiasi fulani cha kilicho chini yake. Wazo la kuihifadhi namba hiyo ndani ya picha yenyewe lilitokana na kazi ya Alvy Ray Smith na Ed Catmull katika New York Institute of Technology mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha kanuni za kuchanganya picha zenye alfa, na kanuni zao ndizo zinazotumika hadi leo.

Kanuni kuu ni nyepesi. Rangi ya juu huzidishwa kwa sehemu yake ya alfa, rangi ya chini huzidishwa kwa sehemu iliyobaki, kisha zinajumlishwa. Chukua vumbi la Chamwino lenye namba 200, 140 na 80, lenye uangavu wa nusu, juu ya anga lenye namba 100, 180 na 240. Matokeo ni 150, 160 na 160. Vumbi ni la hudhurungi na anga ni la buluu, lakini mchanganyiko wake ni kijivu kilichopooza.

Hapo ndipo sanaa ya pikseli inapotofautiana na uchoraji mwingine wa kompyuta. Mchoraji wa pikseli hufanya kazi na jedwali la rangi chache alizozichagua, pengine 8, 16 au 32. Kila tabaka lenye uangavu wa nusu huzaa rangi mpya ambazo hakuzichagua, na zikiwa nyingi picha hupoteza ule ukali unaoitofautisha na picha iliyopunguzwa ukubwa. Kwa sababu hiyo wengi hutumia alfa mbili tu, 0 na 255. Wakitaka vumbi huchagua kwa mkono rangi ya anga lenye vumbi, au hutawanya nukta za vumbi zilizojaa kwa mpangilio wa moja ndiyo, moja hapana, na kuliachia jicho kazi ya kuchanganya. Kivuli cha mbuyu saa sita mchana huchorwa vizuri kwa njia hiyo ya pili.

Pikseli yenye alfa 0 bado inaweza kubeba rangi ndani yake. Haionekani, lakini programu ya mchezo inapokuza au kuzungusha picha kwa kulainisha kingo, rangi hiyo iliyofichwa inaweza kuvuja na kutengeneza mstari mwembamba kuzunguka mchoro. Ndiyo maana baadhi ya mifumo huhifadhi rangi ikiwa tayari imezidishwa kwa alfa yake, ili pikseli tupu isibaki na rangi yoyote.

Historia

Kupanga picha katika matabaka ni jambo la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1914 Earl Hurd wa Marekani aliomba hataza ya kuchora katuni za sinema juu ya karatasi angavu za seluloidi: mandhari ilichorwa mara moja, na wahusika tu ndio waliochorwa upya kwa kila picha. Kabla ya hapo msanii alilazimika kurudia miti na nyumba zote kila mhusika aliponyanyua mguu.

Mashine za michezo za miaka ya 1980 zilifanya jambo hilohilo kwa umeme. Katika Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, kitu kinachotembea kilichorwa kwa vipande vyenye upana wa pikseli 8, na kila pikseli ilikuwa na namba kuanzia 0 hadi 3. Namba 0 ilimaanisha utupu. Mhusika alibaki na rangi tatu kwa kila kipande, na uchache wa rangi za wahusika wa michezo ile ulitokana kwa sehemu na gharama ya kuwa na mandharinyuma angavu. Mwaka mmoja kabla yake, mchezo wa Moon Patrol wa kampuni ya Irem ulikuwa umeonyesha matabaka ya mandhari yanayosogea kwa kasi tofauti, vilima vya mbali vikienda polepole kuliko ardhi ya karibu, na skrini bapa ikaonekana kuwa na kina.

Sega Mega Drive haikuwa na njia rahisi ya kuchora kitu chenye uangavu wa nusu. Katika mchezo wa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991 maporomoko ya maji yalichorwa kwa mistari ya wima, mmoja umejaa na mwingine mtupu. Televisheni za wakati huo zilififisha mistari na kuifanya ionekane kama maji. Kwenye skrini za leo mistari inaonekana wazi.

Katika kompyuta, Deluxe Paint ya Dan Silva, iliyotolewa na Electronic Arts mwaka 1985 kwa ajili ya Amiga, ilimwezesha mchoraji kukata kipande cha picha na kukitumia kama brashi, huku rangi moja iliyoteuliwa ikihesabiwa kuwa tupu. Njia hiyo ya kuteua rangi moja kuwa tupu ilienea. Michezo mingi ilitumia waridi iliyokolea yenye namba 255, 0 na 255 kwa sababu si rahisi msanii kuihitaji kwa kitu kingine. Toleo la mwaka 1989 la faili za GIF lilitumia wazo hilo pia. Adobe Photoshop ilipata matabaka katika toleo lake la 3.0 mwaka 1994, na tangu hapo watumiaji waliyatarajia katika karibu kila programu ya kuchorea.

Aina ya faili ya PNG ilianza mapema mwaka 1995 kutokana na mzozo wa hataza iliyohusu ubanaji wa data uliotumika katika GIF. Kikundi kilichoongozwa na Thomas Boutell kilitengeneza mbadala usiodai malipo, na mwaka 1996 PNG ikapitishwa na shirika la W3C. Tofauti na GIF, PNG hubeba alfa kamili yenye viwango 256.

Kupanga matabaka

Chukua turubai la pikseli 64 kwa 48 linaloonyesha mandhari ya Chamwino. Kutoka chini kwenda juu matabaka yanaweza kuwa anga, vilima, ardhi, nyasi, shina la mbuyu, majani ya mbuyu, tembe, watu na vumbi. Kinachofaa kuongoza mgawanyo ni swali moja: kitu gani kitabadilika peke yake? Ardhi na vilima havibadiliki, kwa hiyo vinaweza kukaa pamoja. Majani ya mbuyu ni jambo tofauti. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Majani na nyasi vikiwa katika matabaka yake, faili moja hutoa picha mbili: masika, matabaka yote yakiwa wazi, na kiangazi, mawili yakiwa yamefichwa na la vumbi limewashwa. Mchoraji aliyeyachora majani juu ya shina katika tabaka moja atalazimika kuchora shina upya, kwa sababu pikseli za shina zilizokuwa chini ya majani hazipo tena.

Kwa sababu hiyohiyo shina huchorwa zima hata kama nusu yake imefichwa na tembe. Tembe ikisogezwa pikseli nne kushoto baadaye, kilichofichwa kitahitajika.

Matabaka mengi yana hasara yake. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuchora katika tabaka lisilokusudiwa, mtu akidhani anarekebisha ukuta wa tembe kumbe anapaka rangi kwenye vilima. Programu nyingi zina alama ya kufuli ya kuzuia tabaka lisiguswe, na ni vyema kufunga yote isipokuwa linalofanyiwa kazi. Kuyapa majina yanayoeleweka husaidia pia. Faili yenye "Tabaka 1" hadi "Tabaka 14" haieleweki hata kwa aliyeitengeneza baada ya wiki mbili.

Kuna pia tabaka la pekee ambalo huwachanganya wengi. Katika Aseprite, tabaka la mandharinyuma haliruhusu utupu hata kidogo: kifutio kinapopita hapo hakiachi tundu, kinapaka rangi ya nyuma iliyochaguliwa. Katika GIMP hali ni hiyohiyo kwa tabaka lisilo na chaneli ya alfa. Mwanafunzi hufuta na kufuta, na nyeupe hairuhusu kuondoka. Dawa ni kuligeuza tabaka hilo kuwa la kawaida, au kuliongezea chaneli ya alfa, ndipo kifutio kifanye kazi yake.

Kuondoa mandharinyuma ya picha iliyokwisha kuchorwa ni rahisi katika sanaa ya pikseli kuliko katika picha ya kamera, kwa kuwa rangi ya nyuma huwa moja kamili. Kifaa cha kuchagua eneo la rangi moja huwekwa katika uvumilivu wa sifuri, ili kisichague rangi zinazokaribiana, kisha eneo hufutwa. Mambo mawili huharibu kazi hiyo. La kwanza ni brashi laini: kingo zake huchanganya rangi ya mchoro na nyeupe ya nyuma, na baada ya kufuta hubaki pete ya nukta zilizofifia. Penseli isiyolainisha kingo haina tatizo hilo. La pili ni matundu yaliyozungukwa, kama nafasi kati ya matawi ya mbuyu, ambayo hayajaungana na eneo la nje; hayo huchaguliwa moja moja, au kwa kuchagua rangi hiyo popote ilipo. Njia ya mwisho ina hatari yake: kama macho ya mtu katika picha ni meupe, nayo yatatoboka.

Katika uhuishaji

Uhuishaji huongeza upande wa pili, yaani wakati. Programu nyingi huonyesha jedwali ambalo safu zake ni matabaka na nguzo zake ni fremu, na kila kisanduku hubeba mchoro wa tabaka moja katika fremu moja.

Muheme ni ngoma inayopigwa na wanawake wa Kigogo kwa mikono, ngoma yenye kiuno chembamba ikiwa imebanwa mapajani. Kwa mchoraji ni mfano mzuri: mwili na ngoma hutulia kiasi, mikono huenda haraka. Mwili huchorwa mara moja na kurudiwa katika fremu zote, mkono wa kushoto unapata tabaka lake, wa kulia lake. Fremu nne zinatosha kuonyesha pigo: mkono juu, katikati, juu ya ngozi, kisha kurudi. Kwa pikseli chache hivyo, mpigaji mmoja anaweza kunakiliwa kuwa safu ya wapigaji, na kila mmoja akabadilishiwa rangi ya vazi bila kugusa mikono.

Katika Aseprite visanduku vya mwili vinaweza kuunganishwa, kiasi kwamba rekebisho katika fremu moja linaonekana katika zote. Asiyefahamu jambo hilo hushangaa kuona uso alioubadilisha katika fremu ya tatu umebadilika kila mahali. Programu nyingi pia huonyesha fremu iliyotangulia kwa ufifi chini ya ile inayochorwa, na hilo linawezekana kwa sababu fremu ya juu ina mandharinyuma angavu.

Kulinganisha na michoro ya Kondoa

Kaskazini mwa mkoa huohuo wa Dodoma kuna michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Katika majabali mengi michoro imechorwa juu ya mingine: mara nyingi watu na wanyama wa rangi nyekundu wako chini, na michoro meupe iliyochorwa baadaye imewekwa juu yao. Mwaka 1951 Mary Leakey aliinakili mingi kwa kulaza karatasi angavu za selofani juu ya mwamba na kufuata mistari, kisha akaitolea kitabu Africa's Vanishing Art mwaka 1983.

Mwambani matabaka yamekwisha kuunganishwa. Kuyatenganisha ni kazi ya jicho, na siku hizi pia ya programu kama DStretch ya Jon Harman, inayokuza tofauti ndogo za rangi katika picha za kamera hadi mistari iliyofifia ionekane. Kuna tofauti moja ya kuzingatia. Mwambani kilicho juu ndicho kilichochorwa mwisho, na watafiti hutumia mpangilio huo kukadiria kipi kilitangulia. Katika faili ya kompyuta mpangilio wa matabaka hausemi lolote kuhusu wakati, kwa kuwa mbuyu wa mbele unaweza kuwa ndio uliochorwa kwanza.

Programu

Aseprite ilianzishwa mwaka 2001 na David Capello wa Argentina, na ni miongoni mwa programu zinazotumika zaidi kwa kazi hii. Huuzwa, ingawa msimbo wake unapatikana kwa anayeweza kuukusanya mwenyewe. Leseni yake ilipobadilishwa mwaka 2016, toleo la mwisho lenye leseni huria lilizaa LibreSprite, ambayo ni ya bure. Piskel hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa, jambo linalofaa kwenye kompyuta za shule ambazo mwanafunzi haruhusiwi kuongeza programu. Pixelorama ni ya bure pia. GIMP na Krita hazikutengenezwa mahsusi kwa pikseli lakini zina yote yanayohitajika, na kwenye simu Pixel Studio ina matabaka na fremu.

Kompyuta ya zamani haizuii kazi hii. Tabaka moja la pikseli 64 kwa 48, kwa baiti nne kila pikseli, ni baiti 12,288, na matabaka kumi hayafiki kilobaiti 125. Picha ya kamera ya simu yenye pikseli milioni 12 huhitaji takriban megabaiti 48 kwa kila tabaka.

Kuhifadhi na kutuma

Faili mbili zinahitajika. Ya kwanza ni ya kazi, katika aina ya programu yenyewe, kama ASEPRITE, XCF ya GIMP au PISKEL, ambayo hutunza matabaka yote. Ya pili ni ya kutoa, kwa kawaida PNG, ambayo matabaka yake yameunganishwa kuwa picha moja. Aliyebaki na PNG peke yake hawezi tena kuondoa majani ya mbuyu au kusogeza tembe. Kuunganisha kunaweza kutenguliwa programu ikiwa bado imefunguliwa. Ikifungwa baada ya kuhifadhi, matabaka yamekwenda. Watu wengi hujifunza hili baada ya kupoteza kazi ya siku kadhaa.

JPEG haifai kwa sanaa ya pikseli kwa sababu mbili. Haina alfa, hivyo eneo tupu hujazwa nyeupe au nyeusi. Pia hubana picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kuacha madoa kuzunguka kingo kali, ambazo ndizo uhai wa sanaa hii. PNG inayotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubadilishwa kuwa JPEG, na mpokeaji hulalamika kwamba alitumiwa picha "yenye bakgraundi". Ikitumwa kama hati, faili hufika ilivyo.

Stika za WhatsApp ni faili za WebP zenye pikseli 512 kwa 512, na stika isiyosogea haitakiwi kuzidi kilobaiti 100. Mchoro wa pikseli 64 kwa 64 ukikuzwa mara nane hufikia kipimo hicho barabara. Ukuzaji ufanyike kwa namba kamili na bila kulainisha. Mchoro wa pikseli 60 ukilazimishwa kufika 512, baadhi ya nukta hupata upana wa pikseli 8 na nyingine 9, na mistari iliyokuwa sawa huonekana imepinda.

Katika uchapishaji, tofauti ya nyeupe na tupu hujificha kisha kujitokeza. Printa ya kawaida haina wino mweupe, kwa hiyo juu ya karatasi nyeupe pikseli nyeupe na pikseli tupu hutoka sawa. Mchoro huohuo ukipelekwa kuchapwa kwenye fulana nyeusi, mchapaji huanza kwa kulaza wino mweupe chini ya kila pikseli yenye rangi. Pikseli nyeupe itachapwa nyeupe. Pikseli tupu itaachwa, na rangi ya fulana ndiyo itakayoonekana mahali pake.